Mfalme wa Asubuhi na Mfalme wa Alasiri

Jumba la kale lina lango moja, vyumba vinne na ngazi, na vyote vimeuzunguka ua kama bangili. Ukiingia unaweza kushika njia ya kushoto au ya kulia. Vyovyote vile utapita kila chumba na kutokea pale pale ulipoingilia. Mama Funguo, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni humo, asubuhi aliwapeleka kwa kushoto na alasiri kwa kulia. Sababu ilikuwa jua. Ngazi za mawe za upande wa kulia hupigwa na jua tangu linapochomoza, na mgeni aliyesimamishwa juani mwanzo wa safari hasikii kitu, anatafuta kivuli tu. Baada ya adhuhuri jua huhamia madirisha ya kushoto, basi na yeye akawa anageuza.

Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo na hakuna aliyemkataza. Kwa miaka yote aliyoshika zile funguo, jambo hilo halikumletea neno. Siku lilipomletea, lilimkuta nyumbani kwake, sebuleni, mbele ya wakwe.

Wakwe walikuja mchana wa Jumapili. Mwanawe Mama Funguo, muuguzi wa wodi ya watoto, alitaka kumwoa binti mmoja mfamasia, na wazazi wa binti walikuja kuonana na wazazi wa kijana. Baba wa binti alikuwa mpima ardhi aliyestaafu, na bado watu walimwita Mpima. Alipoingia tu aliitazama sebule kona kwa kona, kama mtu anayetaka kujua ukuta upi umepinda. Mkewe alikuwa mwoka mikate. Alileta mikate miwili imefungwa kwenye kitambaa, bado ina joto, nyumba nzima ikanukia. Binti alikuja nao, akaketi kando ya mama yake.

Upande wa wenyeji alikuwapo kijana mwenyewe na baba yake, fundi majokofu, mtu wa maneno machache. Na dada mkubwa wa fundi huyo, ambaye nyumba nzima ilimwita Shangazi. Shangazi ndiye aliyemlea huyo mdogo wake mama yao alipofariki, kwa hiyo kiti kinachotazama mlango kilikuwa chake, na neno la mwisho lilikuwa lake pia.

Mambo yalianza vizuri. Chai ilimiminwa. Mpima alisifu feni. Fundi majokofu akasema ile feni ni mzee, anaiweka hai kwa dawa. Wakacheka. Kisha Mpima akaweka kikombe chini, akajikohoza.

"Binti yetu ana elimu, ana kazi, na ana tabia," alisema. "Hayo mmejionea. Lakini kuna moja ambalo hamkulijua, na si vizuri mkwe afichwe kitu. Sisi ni uzao wa Mrejea."

Shangazi aliacha kukoroga chai.

"Wa nani?"

"Mrejea. Mfalme Mrejea."

"Mfalme yupi? Yule mwenyewe au yule aliyekuja?"

Kwa asiyeujua mji ule, swali hilo linahitaji maelezo. Zamani sana kijana mrithi wa kiti cha ufalme alikwenda vitani akatekwa. Miaka ikapita. Mjomba wake, kaka wa mama yake, akawa anakishikia kiti. Kisha siku moja mwanamume mwenye ndevu alisimama langoni akasema, "Nimerudi." Mama wa mfalme alimshika mkono akamwingiza chumbani kwake. Mjomba alimtazama, akasema mbele ya watu, "Huyu si mwanetu." Mjomba akafungwa ghalani, akatolewa, akauawa ngazini. Aliyerudi akatawala mpaka uzee, akachimba visima ambavyo mpaka leo vina maji.

Hayo hayabishaniwi. Kinachobishaniwa ni yule mtu. Wako wanaosema alikuwa mwana halisi, mwenye subira na huruma, aliyelazimika kumwondoa mjomba aliyenogewa na kiti. Wako wanaosema alikuwa mfungwa mwingine tu, aliyelala gereza moja na mrithi, akachota siri zake zote, mwenzake alipokufa akaja kuvaa jina lake. Na akamuua mtu pekee aliyekuwa na ujasiri wa kusema. Shangazi na mdogo wake walikuwa uzao wa huyo mjomba.

"Dada," fundi majokofu alisema polepole, "tunywe chai."

"Nakunywa. Nauliza tu. Mtu akijitaja ukoo si anataka aulizwe?"

"Uliza, bi mkubwa, uliza," Mpima alisema, na masikio yake yalikuwa yameshaanza kuwaka. "Lakini mimi siongei ya vijiweni. Nilikwenda jumbani nilipostaafu, nikatembezwa chumba kwa chumba na huyu huyu mama mwenye nyumba. Nilitoka pale machozi yananilenga. Kama mfalme yule hakuwa mwana halisi, basi na mimi si mwana wa baba yangu."

"Umetembezwa na wifi yangu?" Shangazi alicheka bila kufungua meno. "Hata mimi alinitembeza. Mimi na wenzangu wa chama cha akina mama. Tulirudi tumenuna njia nzima. Mmoja wetu hakuweza hata kula. Wifi, hebu mwambie mkwe wako ulichotuambia."

"Ndiyo, mwambie," alisema Mpima. "Na yeye umwambie ulichoniambia mimi."

Wote wakamgeukia Mama Funguo. Alikuwa ameshika birika. Aliliweka chini taratibu, kama vile lingeweza kupasuka.

"Niliwaambia maneno yale yale," alisema.

"Haiwezekani," walisema Mpima na Shangazi kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana siku hiyo.

"Maneno yale yale. Sijawahi kuongeza wala kupunguza."

"Basi una ndimi mbili, wifi," alisema Shangazi. "Mmoja wa ndugu, mmoja wa wageni."

Mpima alisimama. Alitafuta kofia yake, akakuta ameikalia. Aliinyoosha kwa goti.

"Mimi sitoi mtoto kwa nyumba inayomwita babu yake mwizi wa kiti."

"Na sisi hatuchukui kizazi cha mtu aliyetuulia mzee wetu, tukamkaribisha jikoni kwetu."

"Mimi jikoni siendi, Shangazi," alisema binti kwa sauti ndogo. "Nina zamu."

Siku nyingine wangecheka. Siku hiyo kijana aliinama akatazama viatu vyake. Mwoka mikate alimfuata mumewe mlangoni; alipofika kwa Mama Funguo alimbana mkono kidogo, akatoka. Mikate ilibaki mezani kwenye kitambaa chake. Hakuna aliyeikata.

Jioni kijana alisimama na mama yake kwenye karo, yeye anaosha vikombe, mama anafuta.

"Mama, sema moja," alisema. "Wewe unalijua lile jumba kuliko mtu yeyote. Sema alikuwa yeye, au sema hakuwa yeye. Lolote. Wakiambiwa na wewe watatulia."

"Atatulia mmoja. Mwingine utakuwa umemkosa milele."

"Sasa hivi namkosa binti wa watu."

Mama Funguo alifuta kikombe ambacho kilishakauka.

"Sijui, mwanangu. Hiyo ndiyo kweli. Sijui kama alikuwa yeye."

"Hujui? Mimi nimefanyia kazi za shule kwenye zile ngazi, nakusikia ukisema mpaka nimeyashika kwa moyo. Na hujui?"

Ndipo akamweleza habari ya jua. Alieleza kama alivyozoea kueleza mambo, moja baada ya jingine. Kwamba wa asubuhi huanza na chumba cha mama: kitanda, beseni alimonawishwa miguu aliyerudi. Halafu chumba cha michoro ya visima. Wakifika ukumbini wameshampenda. Ghala wanalichungulia, na ngazini wanamhurumia mfalme kwa kumwaga damu ya nduguye. Wa alasiri huanza na ngazi. Wanaona jiwe lililoliwa pale alipouawa mjomba, wanaingia ghalani, na mpaka wafike kwa mama, kitanda ni kile kile lakini wanamwona mwanamke aliyetishwa. Wa asubuhi wakitoka huuliza kaburi la mfalme liko wapi wakaliangalie. Wa alasiri huuliza mjomba alizikwa wapi.

Kijana aliacha bomba likimwagika.

"Kwa hiyo baba mkwe ni wa asubuhi."

"Wa asubuhi. Na shangazi yako alikuja baada ya chakula cha mchana."

"Na ulijua kwamba inawafanya hivyo?"

"Mwanzoni sikujua. Baadaye niliona."

"Ukanyamaza."

"Watu walikuwa wakitoka wameridhika," alisema Mama Funguo, na alipojisikia akisema hivyo hakuipenda sauti yake.

Kijana alifunga bomba. Hakumkasirikia mama yake kwa maneno. Alimkasirikia kwa kukausha mikono muda mrefu kuliko kawaida.

Jumba hufungwa kwa wageni siku ya Jumanne ili lifagiliwe. Mama Funguo aliomba ruhusa kwa msimamizi wake, akapewa, kisha akampigia simu mwoka mikate. Alijua nani wa kumpigia.

"Nitamleta," alisema mwoka mikate. "Akikataa, mkate wa kesho atakula wa dukani."

Kumleta Shangazi ilikuwa kazi ya fundi majokofu. Hakuna anayejua alimwambia nini, lakini asubuhi ya Jumanne walifika wote wawili, Shangazi na kipepeo chake cha ukili mkononi, amevaa nguo ya kwendea kwenye kesi. Mpima alikuwa amefika mapema. Kijana na binti walisimama mbalimbali, kila mmoja karibu na watu wake, wakitazamana kwa kuibia.

"Tunaanzia wapi?" aliuliza Mpima.

"Kushoto."

"Mnaona!" alisema Shangazi. "Kwa nini kushoto?"

"Kwa sababu ni asubuhi, wifi. Kote tutafika."

Aliwatembeza kama anavyotembeza wageni wengine wowote, kwa sauti ile ile ya chini inayomlazimisha mtu asogee. Katika chumba cha mama aliwaonyesha kitanda, beseni, na mlango wa ndani. "Hapa mama alimnawisha miguu," alisema. "Walikaa humu mpaka jua likatua. Komeo la mlango huu liko upande wa nje." Wakapita. Akawaonyesha michoro ya visima, na Mpima akasimama pale muda mrefu, akafuata mstari kwa kidole hewani, akasema aliyechora hii alikuwa anajua kazi. Ukumbini akawaonyesha kiti. Ghalani walichungulia kwa zamu. Ngazini jua lilikuwa linawaka, Mama Funguo akafungua mwavuli mkuukuu, akampa Shangazi.

"Hapa amri ilitolewa, na mjomba akauawa. Waliokuwapo walisema mfalme alitazama pembeni."

Mpima alipangusa jicho. "Damu yake mwenyewe," alisema. "Fikirieni mzigo aliobeba."

"Mzigo?" Shangazi aliuzungusha mwavuli. "Hapo aliyelala chini ni nani na aliyebeba mzigo ni nani? Mimi nimeona. Tumemaliza? Maana kama ni hivi, wifi, bora ungetuacha nyumbani."

"Hatujamaliza," alisema Mama Funguo. "Sasa tugeuke."

"Twende wapi?"

"Tulikotoka."

Hakuna mgeni aliyewahi kurudi. Watu hulipa tiketi, huzunguka, hutoka. Mama Funguo mwenyewe, alipoanza kupanda zile ngazi kinyume mbele ya watu wale wale, alihisi miguu yake haiijui njia. Lakini maneno aliyajua. Alisema yale yale. Hapa amri ilitolewa, na mjomba akauawa. Waliokuwapo walisema mfalme alitazama pembeni.

Safari hii Mpima aliinama. Aliitazama ile sehemu ya jiwe iliyoliwa.

Ghalani, badala ya kuchungulia, aliingia. Ilibidi ainame mpaka kofia ikadondoka. Kule ndani alinyoosha mikono, na bila kuikunjua yote akagusa kuta zote mbili. Kupima kulikuwa kumemkaa mwilini. Akatega sikio. Kutoka ukumbini, ambako mkewe na binti walikuwa wametangulia, sauti zao zilimfikia waziwazi, mwoka mikate akilalamika kuhusu miguu yake.

"Mnasikika mpaka huku," Mpima alisema akitoka, mabega yamejaa chokaa. "Kila neno." Akaokota kofia. "Mjomba alikuwa akiwasikia wanakula."

Shangazi alifungua mdomo, kisha akaufunga, na kwa watu wanaomjua lilikuwa jambo la kushangaza kuliko lolote lililokuwa jumbani mle.

Walipita kwenye kiti na kwenye visima wakafika mlango wa ndani wa chumba cha mama, na kwa kuwa sasa walikuwa wanaujia kutoka upande wa pili, walikutana na komeo uso kwa uso. Lilikuwa chuma kinene kama mkono wa mtoto.

"Komeo la mlango huu liko upande wa nje," alisema Mama Funguo.

Mpima alilishika. "Hukutuambia hili."

"Alilisema, baba," alisema kijana. "Mwanzoni kabisa. Hakuna aliyesikia."

Mpima alilisukuma, likalia, likaingia mahali pake. Akalivuta tena. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Kwa hiyo mama yule alifungiwa," alisema. "Alifungiwa humu na mtu asiyemjua, mpaka akubali. Kumbe ndivyo."

Wote walimtazama Shangazi. Hapo ndipo alipopaswa kushangilia. Badala yake aliingia chumbani, akaketi kwenye benchi la wageni chini ya dirisha, akaufunga mwavuli ambao alikuwa amesahau kuufunga.

"Si lazima," alisema.

"Si lazima nini, dada?" aliuliza fundi majokofu.

"Si lazima alifungiwa. Wewe unakumbuka shemeji yako aliporudi melini. Alikuwa amekaa miaka mingapi, wewe? Uliacha kucheza marumaru ukaanza kunyoa ndevu. Basi alirudi mnene, sauti nzito, anakohoa kukohoa kwa mtu mwingine. Watu wakauliza, ndiye? Nikawaambia, ndiye, nyamazeni. Nikampikia. Na nilipokuwa nampikia nilikuwa najiuliza, hivi ndiye kweli?" Alijipepea mara mbili, akaacha. "Nilimuuliza mambo ya zamani, mengine alikumbuka, mengine akasema amesahau. Tukaishi. Alikuwa mume mwema. Mpaka nimemzika sikuwa nimepata jibu, na sikuwa nimefungiwa na mtu."

"Hujawahi kusema hayo," fundi majokofu alisema.

"Nimwambie nani? Wewe na majokofu yako?"

Binti alicheka kabla hajajizuia. Shangazi akamtazama, na kwa mara ya kwanza akamtazama kama mtu na si kama ukoo.

Mpima aliketi upande wa pili wa benchi. Alikung'uta chokaa begani, ikamwangukia Shangazi, akaomba radhi.

"Mimi bado naamini alikuwa yeye," alisema.

"Na mimi bado naamini hakuwa yeye," alisema Shangazi. "Usidhani."

"Lakini yule mzee wenu..." Mpima alitafuta neno. "Kuuliza hakukuwa kosa. Mtu anakuja langoni na ndevu zake, lazima aulizwe. Kumfungia kwenye kishimo kile kwa sababu ameuliza... Hapana. Hata kama mfalme alikuwa halali. Hilo nakubali, na ndilo pekee ninalolikubali leo, msinisukume."

"Hakuna aliyekusukuma. Umeingia ghalani mwenyewe."

"Na wewe, mama mkwe?" Mpima alimgeukia Mama Funguo. "Sema basi. Wewe unaonaje?"

Mama Funguo alikuwa amesimama karibu na beseni. Alifikiri kama kawaida yake.

"Sijui," alisema. "Nimelala na kuamka na hili jambo, sijui. Nilichojua ni kwamba kila mtu alitoka hapa na mfalme wake, nikawa nawagawa asubuhi na alasiri kama dozi. Hilo sikuwaambia, na nilipaswa kuwaambia. Ninyi wawili mmetukanana kwa sababu yangu."

"Tungetukanana tu," alisema Shangazi. "Labda siku nyingine."

Mwoka mikate, ambaye tangu waingie alikuwa ameongea habari za miguu tu, alisimama.

"Mimi nimeacha tanuri kwa mtu asiyelijua," alisema. "Hawa watoto wanaoana au hawaoani? Nijue ni keki ya watu wangapi."

Mpima alimtazama binti yake. Binti alikuwa amesogea mpaka kwa kijana bila mtu kuona ni saa ngapi, na kijana hakuwa anapumua.

"Kwa sharti," alisema Shangazi kabla Mpima hajasema. "Mtoto wa kwanza haitwi Mrejea."

"Wala haitwi jina la mjomba," alisema Mpima.

"Apewe la nani basi?" aliuliza fundi majokofu.

"La feni yako," alisema Shangazi. "Nayo ni mzee asiyekufa."

Walitoka kwa njia ya langoni wakibishana kuhusu tarehe, na ubishi huo ulikuwa mkali vilevile, lakini ulikuwa wa tarehe.

Asubuhi iliyofuata Mama Funguo alifungua lango akakuta mke na mume wa makamo wanangoja na tiketi zao. Kwa mazoea mguu wake ulishaanza kwenda kushoto. Akausimamisha.

"Mnataka kuanzia upande gani?" aliuliza.

"Kwani kuna tofauti?" aliuliza mume.

"Ipo. Kushoto mtaanza na mama aliyempokea mtu. Kulia mtaanza na mjomba aliyemkataa. Mkianza kushoto mtampenda, mkianza kulia mtamchukia, na maneno yangu yatakuwa yale yale. Kwa hiyo mkifika mwisho tutageuka turudi."

Mke akasema kushoto. Mume akasema kulia. Wakaanza kubishana pale pale langoni, na Mama Funguo akaegemea ukuta kuwangoja, mwavuli kwapani, kwa sababu kulia kulikuwa kumeshaanza kuwaka jua.